Shingo Ngumu kwa Nani?

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo hunichelewesha kazini kila likitokea: stiffly. Kazi yangu ni kutafsiri. Leo ni maandishi yanayopita chini ya filamu, kesho ni masimulizi ya wazee kuhusu enzi ya ukoloni, keshokutwa ni barua za zamani ambazo familia fulani inataka wajukuu wazielewe. Neno lenyewe ni fupi na halitishi. Kamusi zitakupa jibu kwa mstari mmoja: kwa ugumu, bila kupinda. Halafu utarudi kwenye sentensi yako na kuona kwamba hujasaidika.

Chukua mfano huu. Mzee mmoja ameitwa mbele ya afisa wa wilaya. Mwandishi wa Kiingereza anasema mzee alisimama stiffly. Sasa nifanye nini? Nikiandika alisimama kidete, nimempa mzee ujasiri. Nikiandika alisimama kikakamavu, nimempa heshima ya askari kwenye gwaride. Nikiandika alisimama kama gogo, nimemfanya mjinga. Nikiandika alikauka, basi mzee ameingiwa na hofu na damu imemganda. Nikiandika alisimama kwa ukaidi, nimeshamhukumu, na afisa hana haja tena ya kufungua kesi. Mwili wa mzee ni uleule, magoti ni yaleyale. Kilichobadilika ni jicho la anayemtazama.

Nimefuata historia ya neno hili kwa muda sasa, na kadiri ninavyoifuata ndivyo ninavyoamini jambo moja: stiffly haielezi sana mtu aliyesimama. Inaeleza uhusiano wake na yule anayetaka apinde. Na sisi huku tuna sababu nyingi za kulijua hilo.

Tuanze na matumizi ya kawaida, maana Mwingereza mwenyewe amelitandaza neno hili kila mahali. Ukipiga ute wa yai kwa ajili ya keki hadi povu lisimame bila kuanguka, umeupiga stiffly. Shati likianikwa nje usiku wa baridi kali huko kwao, asubuhi linaning'inia stiffly kwenye kamba. Mtu aliyelala vibaya kwenye basi la usiku kutoka Kisumu atashuka Nairobi akitembea stiffly, shingo imeshikana. Faini nzito, upepo mkali, kinywaji kikali, ushindani mgumu: vyote hivyo vinabeba stiff, neno mama. Kisha kuna lile jibu la adabu lisilo na joto hata kidogo. Umemtumia mtu ujumbe wa kirafiki, naye anajibu sentensi moja, nukta mwishoni, salamu hakuna. Mwingereza atasema amejibu stiffly. Mtaani tungesema tu, amekukaushia.

Neno ni la kale. Kiingereza cha kale kilikuwa na stif, na Wajerumani na Waholanzi wana ndugu zake hadi leo. Lakini kilichonivuta ni safari yake hadi shingoni. Mwaka wa 1526 William Tyndale alichapisha Agano Jipya kwa Kiingereza, na huyu ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuandika neno stiffnecked, yaani mwenye shingo ngumu. Picha hiyo haikuwa yake, ilitoka kwenye Kiebrania. Ni picha ya mkulima na ng'ombe wake. Ng'ombe wa kulima hukazwa nira shingoni. Yule anayekataa kuinamisha shingo, au anayevutwa kushoto na kubaki ametazama kulia, huyo ndiye mwenye shingo ngumu. Biblia ya Kiswahili imeihifadhi picha hiyo vizuri. Ukikulia karibu na kanisa, umewahi kusikia watu wa shingo ngumu wakikaripiwa.

Lakini hebu simama kidogo upande wa ng'ombe. Shingo yake ni ngumu kwa nani? Kwa ng'ombe mwenzake ni shingo tu. Ugumu unaanza pale mwenye nira anapofika. Tyndale mwenyewe aliishia kuonja hali hiyo. Kutafsiri Biblia kwa lugha ya watu wa kawaida bila ruhusa kulikuwa kosa kwa wakubwa wa kanisa na serikali, naye hakuacha. Mwaka wa 1536 alinyongwa na mwili wake ukachomwa huko Vilvoorde, karibu na Brussels. Waliomuua walimwona mkaidi. Waliomsoma baadaye walimwona shujaa.

Miongo michache baada ya hapo, shingo za Waingereza zikawa ngumu kwa njia nyingine. Mnamo 1564 mwanamke Mflemi aitwaye Dinghen van der Plasse alifika London na ujuzi wa kutia nguo wanga. Wakati huo matajiri walikuwa wamepagawa na kola kubwa za mikunjo, zile unazoziona kwenye picha za enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, kichwa kinaonekana kama kimewekwa juu ya sahani. Bila wanga, kola ile ni kitambaa tu. Mwandishi wa historia John Stow anasema mama huyo alitoza pauni 4 au 5 kufundisha kazi hiyo, pesa nyingi sana kwa siku zile. Philip Stubbes, mtu aliyechukia anasa, aliandika mwaka wa 1583 kwamba wanga huo ni kazi ya shetani, akacheka jinsi kola hizo zinavyolegea kama matambara mvua ikinyesha.

Mimi hapo nilimwelewa Stubbes mara moja. Nyanya yangu alikuwa akichemsha uji mwepesi wa unga wa muhogo, anachovya kola za mashati ya shule, kisha anazipiga pasi ya makaa hadi zinasimama zenyewe. Jumatatu asubuhi ulikuwa huwezi kugeuza kichwa. Ijumaa kola imelala. Ugumu wa wanga ni wa kukopa. Mtu anaonekana amesimama imara, kumbe ni shati ndilo limesimama.

Watu wa Pwani walilijua jambo hili mapema kuliko sisi wa bara, kwa sababu walikuwa wanunuzi wa nguo tangu zamani. Wanga wa kitambaa waliuita dondo. Katika karne ya 19 kitambaa kilichotamba Zanzibar kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Wafanyabiashara wa Salem walikileta, na mwaka wa 1833 Sultani Said bin Sultan alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani. Merikani ilipendwa hadi ndani kabisa ya bara kwa sababu ilidumu. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Marekani mwaka wa 1861, pamba ikaadimika, na viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikapata nafasi. Miaka hiyo viwanda vya Lancashire vilijulikana kwa mchezo mmoja: nyuzi zinapakwa unga, mafuta ya mnyama na udongo mweupe ili kitambaa kiwe kizito na kigumu mkononi. Ukikifua mara ya kwanza, ugumu wote unabaki ndani ya beseni. Kwa hiyo mnunuzi alihitaji kujua tofauti kati ya kitambaa kigumu na kitambaa kilichogumishwa. Hiyo ni tofauti ambayo stiffly, kama neno, haiwezi kukuonyesha.

Massachusetts hiyohiyo inahusika na usemi maarufu zaidi katika ukoo wa neno hili. Karibu kila mtu anaamini kwamba stiff upper lip, ule mdomo wa juu usiotetemeka, ni mali ya Waingereza. Yaani Mwingereza haonyeshi machozi, nyumba ikiungua anamalizia chai kwanza. Lakini mfano wa zamani kabisa unaojulikana ulichapishwa kwenye gazeti la Massachusetts mwaka wa 1815. Waingereza waliuchukua baadaye, wakaupeleka kwenye shule zao za bweni, wakaufanya desturi ya tabaka linalotawala. Mvulana aliyetolewa kwa mama yake akiwa na umri wa miaka 8 alifundishwa kutolia. Akikua, anatumwa kwenda kutawala watu ambao hajui lugha yao, na mdomo wake unabaki hautetemeki.

Mdomo huo ndio uliofika Kenya. Na ulipofika, jambo la ajabu likatokea. Ugumu wa mtawala uliitwa nidhamu. Ugumu wa mtawaliwa uliitwa kiburi.

Tazama kilichokuwa shingoni. Mtawala alikuwa na kola. Mwanamume Mwafrika alikuwa na kipande. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alipaswa kubeba cheti chenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikasha cha chuma ambacho wengi walikining'iniza shingoni kwa kamba. Ukiacha kazi bila tajiri wako kutia sahihi, unatafutwa. Shuleni nako shingo haikusahaulika. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986, anaeleza jinsi mtoto aliyenaswa akizungumza Kikuyu shuleni alivyoweza kuvalishwa kibao cha chuma shingoni chenye maneno ya kumtusi. Wengi wetu tuliozaliwa miaka mingi baada ya Uhuru bado tuliujua mchezo huo kwa jina la disc. Ilikuwa tu ya mbao, au mfupa, au chochote alichookota mwalimu.

Lakini dola hiyohiyo ilikuwa na mahali ambapo ilitaka Mwafrika akakamae. King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka wa 1902, liliwafundisha vijana wa Afrika Mashariki kusimama kama mlingoti. Amri za gwaride kwa Kiswahili bado ziko nasi: mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka. Ukiwahi kuwa skauti kwenye shule ya msingi, mwili wako unazijua kabla masikio hayajamaliza kusikia. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wakenya karibu 98,000 walihudumu. Wengine walifika Burma, wakapigana na Wajapani ndani ya matope na malaria. Huko, askari asiyepinda alipewa sifa na tepe.

Mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote. Alipigana Burma akiwa na KAR, akarudi nyumbani, akakuta ardhi ni ileile ya mzungu na kipande bado kinadaiwa. Miaka michache baadaye aliingia msituni Mlima Kenya, na dunia ikamjua kwa jina la Jenerali China. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa baadaye. Fikiria mgongo wa mtu huyo. Mwaka wa 1944 ulikuwa mgongo wa askari mwaminifu wa Mfalme. Mwaka wa 1954 ulikuwa mgongo wa gaidi, kwa maneno ya serikali ileile. Alijifunza kusimama kutoka kwao, na aliposimama kwa ajili ya watu wake mwenyewe wakashangaa.

Usidhani Kiswahili ni malaika katika habari hii. Lugha yetu nayo ina mzani wake. Angalia kitenzi kukakamaa. Maiti hukakamaa. Mkono ulioshikwa na baridi hukakamaa. Lakini ukitoa sifa kutoka kwenye shina hilohilo unapata mkakamavu, na hapo tunasifu. Mwalimu wa Kiswahili anakuambia uzungumze kwa ukakamavu. Au chukua kushupaa, kuwa mgumu. Mtu shupavu ni shujaa, tunampigia makofi. Lakini mtu anayeshupalia jambo ni msumbufu asiyesikia. Shina moja, matawi mawili, moja lina matunda na lingine lina miiba.

Tofauti yetu na Kiingereza ni kwamba sisi tunalazimika kuchagua wazi. Stiffly inamruhusu mwandishi kujificha: anaweza kusema mtu alisimama hivyo na asituambie kama anamheshimu au anamdharau. Kiswahili hakimpi nafasi hiyo. Kidete ni sifa. Kwa ukaidi ni lawama. Alikauka ni huruma au kejeli. Ukifungua mdomo tu, umeshaonyesha uko upande gani.

Wanasiasa wanalijua hili kuliko watafsiri. Karibu na uchaguzi wa mwaka wa 2000, wafuasi wa chama cha CUF huko Tanzania walijiita ngangari, yaani wagumu wasiotikisika. Polisi nao wakajibu kwamba wao ni ngunguri. Watu walicheka, maana lilisikika kama utani wa wachezaji wa mpira kabla ya mechi. Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji Unguja na Pemba, watu wakafa, wengine wakakimbilia Shimoni kwetu Kenya wakiwa wakimbizi. Maneno mawili yenye maana moja, na tofauti kati yake ilikuwa bunduki.

Sasa turudi nyumbani na miaka yetu. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Akawakumbusha wabunge mavazi yanayokubalika: koti, shati la kola, tai, suruali ndefu, soksi, viatu. Watu walifanya vichekesho mtandaoni kwa sababu Rais mwenyewe alikuwa akizipenda suti hizo. Mimi nilisikia kitu kingine. Miaka 60 baada ya Uhuru, heshima ya mahali tunapotungia sheria bado inapimwa kwa kipande cha kitambaa kilichosimama shingoni, urithi wa mbali wa darasa la mama Mflemi wa mwaka wa 1564. Ni ugumu wa wanga. Hauulizi kama mwenye shati anasimama kwa ajili ya mtu yeyote.

Miezi 7 baadaye, tarehe 25 Juni 2024, vijana walifika kwenye Bunge hilohilo kupinga Mswada wa Fedha. Wengi walivaa fulana na viatu vya raba, hakuna kola. Siku hiyo watu waliuawa. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada. Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza jinsi wanavyoelezwa. Kuna wanaosema vijana walisimama kidete. Kuna wanaosema ni wakaidi, wameshupalia mambo wasiyoyaelewa, hawasikii wazazi. Wanaongea kuhusu miili ileile, barabara ileile, saa ileile. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba hakuna anayebishana kuhusu ugumu wenyewe. Wanabishana kuhusu nani alikuwa na haki ya kutarajia wapinde.

Ndiyo maana sitafsiri tena stiffly kwa kutazama neno peke yake. Kwanza natafuta ni nani mwingine yuko chumbani. Kama mhusika ameumwa mgongo, basi ni maumivu, naandika alitembea akijikaza, kazi imeisha. Kama amekasirika na hataki kuonyesha, naandika akajibu kikavu. Kama kuna mtu mbele yake mwenye kiti, muhuri au bunduki, natulia. Nauliza sentensi imeandikwa kutoka upande gani wa meza. Mara nyingi aliyeandika alikuwa upande wa kiti, na msomaji wangu wa Kiswahili ni mjukuu wa aliyesimama.

Kwa yule mzee mbele ya afisa wa wilaya, niliandika: alisimama wima, hakuinamisha shingo. Ni ndefu kuliko neno moja la Kiingereza, na mhariri alinung'unika kwa sababu ya nafasi. Nilimwambia mzee amesimama pale miaka mingi, atavumilia maneno mawili zaidi.